Watu Sita kwenye Kadi

Mama yangu alistaafu ualimu mwishoni mwa mwaka 2024, alipotimiza miaka 60. Kwa wiki kadhaa watu waliokuja kumpongeza walimwuliza swali lile lile, wengine kwa kuzunguka, wengine kavukavu: umepata ngapi? Hawakuwa na ubaya. Nchi nzima imekuwa ikiongea kuhusu kikokotoo kama inavyoongea kuhusu Simba na Yanga. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za kumpa mstaafu asilimia 25 ya mafao yake kwa mkupuo, na Desemba ile ile Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Kwenye bajeti ya 2024/25, wale ambao zamani walikuwa wanapata 50 wakapandishwa kutoka 33 hadi 40. Mama anazijua namba hizi kama anavyojua ngeli za nomino, na amefundisha Kiswahili shule za msingi maisha yake yote.

Kuhusu kadi hakuna aliyeuliza. Hata sisi wanawe hatukuuliza, mpaka ilipofika zamu ya bibi kwenda kliniki.

Nianze na kadi yenyewe. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ukaanza kazi Julai 2001. Mtumishi wa serikali anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3 nyingine. Mama anakumbuka manung'uniko ya ofisi ya walimu mwezi ule makato yalipotokea mara ya kwanza kwenye salari slipu. Mwalimu mwenye afya njema anakatwa hela ya ugonjwa ambao hajaupata! Lakini miaka ilivyokwenda manung'uniko yakapungua, maana ile kadi ilikuwa inabeba watu sita: mwanachama, mwenza wake, na wategemezi wanne. Wategemezi wanaweza kuwa watoto, wanaweza kuwa wazazi, hata wakwe wamo.

Kwetu, kadi ya mama ilibeba ukoo kwa zamu. Ilimbeba baba, ambaye ni seremala na mkulima wa alizeti na hajaajiriwa na mtu yeyote tangu azaliwe. Baba hupenda kusema ana bima kwa sababu alijua kuchagua mke. Ilitubeba sisi watoto, mmoja baada ya mwingine, mpaka umri ulipotutoa: miaka 18, au 21 kwa aliye masomoni. Nafasi zilipoanza kuachwa wazi, mama akamwandikisha mama yake mzazi. Bibi ana zaidi ya miaka 80. Ana presha, ana magoti yanayomsumbua, na ana kichwa kinachokumbuka bei ya kuku tangu enzi za Nyerere.

Mtumishi anapostaafu, NHIF haimtupi. Anaendelea kutibiwa bila kukatwa tena chochote, yeye na mwenza wake, mpaka mwisho wa maisha. Hili ni jambo kubwa na ningependa lisemwe zaidi. Yale makato yaliyonung'unikiwa mwaka 2001 ndiyo yanayomlipia mama leo, na baba anaingia naye mlangoni bila kuwahi kukatwa hata senti. Lakini kadi ya mstaafu ni ya watu wawili. Wategemezi wanatoka. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa tayari yuko chuoni, kwa hiyo akakatiwa bima ya wanafunzi, shilingi 50,400 kwa mwaka, inayolipwa pamoja na ada. Aliyebaki nje ni bibi.

Mama alilipokea hili vibaya kuliko nilivyotegemea. Kikokotoo hakikumliza. Hili lilimkosesha usingizi. Alikuwa anasema, yaani mimi nimepewa cheti na keki, na mama yangu amefungiwa mlango siku hiyo hiyo.

*

Ukisikia watu wakisema mstaafu achague bima inayomfaa, unaweza kufikiri kuna duka ambalo bima zimepangwa kwenye rafu. Singida, kwa mzee wa kijijini, machaguo hayazidi manne, na kila moja lina swali lake la aibu.

La kwanza lilikuwa kumhamishia bibi kwenye kadi ya mtoto wake mwingine aliyeko kazini. Bibi ana watoto watano walio hai, na mwenye ajira ya serikali baada ya mama ni mmoja tu: mjomba, muuguzi wa Morogoro. Kadi yake ilikuwa imejaa. Yeye, mkewe, na watoto wanne. Mimi mjukuu siwezi kumwandikisha bibi, na hata ningeweza, nina kadi gani? Ninaandika habari kutoka Singida na nalipwa kwa habari iliyotoka. Mwezi ambao mkoa umetulia, mimi nimefunga.

La pili lilikuwa vifurushi. Novemba 2019 NHIF ilianza kuwauzia watu binafsi bima kwa vifurushi vitatu: Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya. Bei ilianzia 192,000 kwa mwaka kwa kijana, na ilipanda kadiri umri unavyopanda. Mtu wa bima ataona ni sawa, kwa sababu mzee anaumwa zaidi. Mtu wa kijijini anaona kinyume: bei inapanda kwa yule ambaye nguvu za kulima zimekwisha.

La tatu lilikuwa CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii. Huu tunaujua kwa karibu, maana ulizaliwa jirani. Ukitoka Singida kuelekea Nzega, ukateremka mlima Sekenke na kuvuka mbuga ya Wembere, unaingia Igunga, mkoa wa Tabora. Hapo ndipo CHF ilipojaribiwa mara ya kwanza, mwaka 1996. Ilikuwa miaka mitatu tangu serikali ianze kuwachangisha wananchi gharama za matibabu mwaka 1993, na wakulima walikuwa wanapata hela mara moja kwa mwaka lakini wanaumwa mwaka mzima. Hesabu ilikuwa rahisi: kaya ilipe baada ya mavuno, itibiwe mpaka mavuno mengine, na serikali iongeze kiasi kile kile walichochanga wanakijiji. Mpango huo wa kuongeza uliitwa Tele kwa Tele. Sheria yake ikatungwa mwaka 2001. Mwaka 2018 ikaja CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, unaanzia zahanati na unapewa rufaa ngazi kwa ngazi hadi hospitali ya mkoa.

Shilingi 30,000 kwa watu sita, ambayo ni 5,000 kwa kichwa. Kwa familia yenye mabati na ng'ombe wawili si hela ya kuuliza. Swali lake ni lile la ngazi. CHF inaishia hospitali ya mkoa. Ugonjwa ukikutaka Benjamin Mkapa pale Dodoma, kilomita zipatazo 240 kutoka Singida mjini, au ukikutaka Muhimbili, mfuko umekuaga.

La nne lilikuwa msamaha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na serikali imejiwekea kwamba wazee wasiojiweza watibiwe bure. Ndiyo maana hospitali nyingi zina dirisha la wazee na lile bango la kutaka mzee apishwe apate huduma kwanza. Unahitaji kutambuliwa kijijini kwako na kupewa kitambulisho. Msamaha ni jambo jema, na nimeona wazee ambao bila huo wangebaki kitandani. Lakini msamaha unafungua mlango tu, dawa haziji zenyewe kabatini. Na neno lililoko katikati ya utaratibu mzima ni lile moja: wasiojiweza.

Mama mdogo, ambaye ndiye anayeishi na bibi, alilitaja neno hilo siku ya kikao. Alikuwa anasoma tu alichoambiwa ofisi ya kijiji. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anachambua maharage, hata hakuinua macho.

"Asiyejiweza ni nani?"

Mama mdogo akasema, "Ni utaratibu tu, mama. Wanaandika hivyo kwa wote."

"Waandike kwa wote. Mimi nina watoto watano."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kikao kilikuwa kigumu. Ili bibi apate msamaha, mtu mmoja ilibidi aende akaeleze kwamba mama huyu hana uwezo, na katika kijiji ambacho kila mtu anajua watoto wake ni akina nani na wanafanya kazi gani, kusema hana uwezo ni kusema hana watu. Mama akakataa. Mjomba, aliyekuwa kwenye simu, spika imewashwa na simu imeegemezwa kwenye kikombe, naye akakataa. Hakuna aliyetaka kulitia saini neno lile.

*

Mimi ni mtu wa maneno, kwa hiyo usiku ule nilibaki na maneno.

Bima ni neno lililotoka Bara Hindi, likaja na biashara. Afya ni la Kiarabu. Na kustaafu pia: istaafa, kuomba kuachiliwa, kuomba kupumzishwa na mzigo. Jambo lililonishangaza ni kwamba staafu na afya ni ndugu. Yote mawili yanatoka kwenye shina moja la Kiarabu, ain, fa na waw, lenye maana ya kusamehe na kuachilia. Neno afua, ambalo siku hizi maofisa wa afya wanalitumia kwenye ripoti zao, limo kwenye ukoo huo huo, na kwa wazee wa Kiswahili maana yake ni kuokolewa. Kwa hiyo ukimwambia mtu "umestaafu, uwe na afya", kwa asili ya maneno umemwambia jambo moja mara mbili: umeachiliwa, basi uwe salama.

Halafu kuna mtegemezi. Mama alifundisha vishazi kwa zaidi ya miaka thelathini. Kishazi huru kinasimama chenyewe, kishazi tegemezi hakiwezi. Kinasubiri kingine kije kukimalizia maana. "Mtoto aliyelala" ni tegemezi, bado unauliza: amefanya nini? Mwanafunzi yeyote wa darasa la sita atakuambia. Kwenye fomu ya bima, bibi alikuwa tegemezi na mama alikuwa huru. Lakini mwaka mama alipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu, aliyeuza kuku na mbuzi kununua sanduku, godoro na nauli ni bibi. Bila bibi hakuna mwalimu, bila mwalimu hakuna kadi. Ni nani aliyekimalizia kishazi cha mwenzake?

Wahenga nao hawatusaidii hapa. Wanasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nadhani aliyetunga methali hiyo alikuwa kijana, na hakuwa na presha.

*

Mei Mosi ya 2025 kitaifa ilifanyika kwetu, uwanja wa Bombadia. Mji ulijaa. Nyumba za wageni zilijaa mpaka watu wakalala Ikungi na Manyoni. Nilikuwa uwanjani kikazi Rais Samia alipotangaza kupandisha mshahara wa kima cha chini wa watumishi wa umma kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Kelele zilizopigwa pale zilisikika Mandewa. Nilimpigia mama simu, nikijua anasikiliza redio. Akacheka, akasema, "Wamenisubiri nitoke." Kisha akauliza kama nimeshakula.

Nilifikiria sana kauli ile ya kwanza. Mstaafu yuko nje ya uwanja kwa namna ambayo si rahisi kuieleza. Mambo yanayotangazwa ni ya walio ndani: nyongeza, madaraja, posho. Yeye anahesabiwa mara moja, siku ya kuondoka, na baada ya hapo maisha yake yanakuwa ya kuhakikiwa. Anahakikiwa kama yu hai ili pensheni iingie, anahakikiwa alama za vidole ili kadi ifanye kazi. Na yeye mwenyewe, akirudi nyumbani, anaanza kuwahakiki wengine: nani alikuwa anakula kwangu, nani nilikuwa namtibu, na nani atabaki akinitazama usoni.

Ndiyo maana naona tunakosea tunapofikiri kwamba bima ya mstaafu ni suala la mstaafu. Yeye mwenyewe mara nyingi ameshapata jibu. Anayehitaji jibu ni yule aliyekuwa nyuma yake kwenye kadi. Fomu inauliza majina sita kwa haraka, kama vile kila mtu anajua watu wake wanaishia wapi. NHIF inahesabu sita. CHF inahesabu sita. Ukoo wa Singida, kama ukoo mwingine wowote nchini, haujawahi kuishia sita. Kila jina unaloandika lina jina jingine ulilolisogeza pembeni.

*

Mwezi wa saba nafasi ikapatikana. Binti mkubwa wa mjomba alimaliza kidato cha sita. Akipata chuo atakatiwa bima ya wanafunzi kama mdogo wetu, na kwenye kadi ya baba yake nafasi moja itabaki wazi. Mama alifurahi kama mtu aliyepata mafao mara ya pili. Akampigia mjomba.

Mjomba akakaa kimya kidogo. Halafu akasema kwamba mkewe naye ana mama, yuko kijijini Kilosa.

Sheria iko wazi, mkwe ana haki sawa na mzazi. Na yule mama wa Kilosa ana ugonjwa wa moyo; anatakiwa kufika kwa daktari bingwa kila baada ya miezi mitatu, na safari hiyo haiishii hospitali ya mkoa wake. Alikuwa anatibiwa kwa michango. Mke wa mjomba, miaka yote ile kadi ilipokuwa imejaa watoto, hakuwahi kuomba. Alikuwa anasubiri nafasi ile ile tuliyokuwa tunaisubiri sisi, kwa ukimya zaidi.

Nilitegemea ugomvi. Katika familia nyingi ningetegemea ugomvi, na nisingewalaumu. Mama alilia kwa hasira, hasira isiyo na mtu wa kupelekewa. Akasema maneno kuhusu damu na wakwe ambayo sitayaandika hapa kwa sababu hakuyamaanisha. Baba akatoka nje kwenda kupiga randa mbao ambayo nina hakika ilishapigwa randa.

Aliyemaliza ni bibi. Alitaka kujua kitu kimoja tu.

"Huyo mwenzangu anaumwa nini?"

"Moyo, mama."

"Na dawa zangu mimi ziko wapi?"

Mama akaeleza. Dawa za presha za bibi ni zile za kawaida; zikiwepo, kituo cha afya wanazo. Magoti hayahitaji Dodoma.

"Basi mwandikeni yeye. Mimi mnikatie ile ya elfu thelathini." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayefunga hesabu ya kuku, "Na isiandikwe kwamba sijiwezi."

*

Afisa mwandikishaji wa CHF alikuja na simu yake, maana siku hizi usajili ni wa simu na picha inapigwa hapo hapo. Bibi alivaa kitenge kipya na kukataa kupigwa picha mpaka kilemba kikae sawa. Mkuu wa kaya akaandikwa yeye. Wa pili mama mdogo. Watoto watatu wa mama mdogo wakafanya watano.

"Wa sita?" akauliza afisa.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari langu, kwa mazoea ya kazi. Bibi akaninyooshea kidole.

"Huyu."

Afisa akanitazama. Nina shahada, nina ndevu zenye mvi mbili, na pikipiki yangu ilikuwa imeegeshwa pale chini ya mti. "Anaishi hapa?"

"Anakula hapa," bibi akasema.

Kwa kweli Jumapili nyingi nakula pale. Afisa akacheka, akaniambia nisogee ukutani, akanipiga picha. Ndivyo nilivyoingia kwenye mfumo wa bima ya afya wa Tanzania kwa mara ya kwanza tangu niondolewe kwenye kadi ya mama: mtegemezi wa bibi kizee wa miaka zaidi ya 80, aliyekataa kuitwa asiyejiweza. Hela ya mwaka huo ilitoka kwenye pensheni ya mama. Mimi nilitaka kulipa. Bibi akasema mtegemezi halipi.

Namba zote hizi huenda zitabadilika. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Sheria Namba 13 ya mwaka huo, na nia yake ni kwamba kila mkazi wa nchi hii awe na bima, mwenye mshahara na asiye na mshahara, huku asiye na uwezo akilipiwa. Naitakia heri. Ikifanya kazi kama ilivyoandikwa, haitafika siku bibi wawili, mmoja wa Singida na mmoja wa Kilosa, wagombee kiti kimoja bila kujuana sura. Ila hata siku hiyo mtu atabaki ameshika orodha na kuulizwa nani anaingia chini ya jina la nani, na nani ataandikwa kwamba hana uwezo. Natamani watakaotengeneza fomu walitafute neno jingine badala ya lile. Lugha hii ni pana, haiwezi kulikosa.

Kwa sasa, ninachoweza kumwambia msomaji mwenye mzazi anayekaribia miaka 60 ni jambo dogo. Achana kidogo na kikokotoo. Mwombe akutajie, jina kwa jina, walioko kwenye kadi yake. Uliza vyeti vyao viko wapi, cha ndoa na vya kuzaliwa, kwa sababu bila vyeti hakuna mwenza wala mzazi mbele ya kompyuta. Uliza kila mmoja anaumwa nini na dawa zake zinapatikana ngazi gani, zahanati, kituo cha afya, mkoa au mbali zaidi. Kisha piga simu kwa ndugu walioko kazini na uulize kama kuna nafasi, na kama kuna mtu mwingine anayeisubiri kimya. Fanya hivyo mwaka mmoja kabla ya sherehe, wakati kadi bado inabeba watu sita.

Bibi anaendelea vizuri. Mwezi uliopita alikwenda zahanati na kadi yake, akapewa rufaa ya kituo cha afya, akarudi na dawa za mwezi mzima. Aliporudi alinitumia ujumbe kupitia simu ya mama mdogo: nisisahau kwamba kadi inaisha mwakani, na kwamba nikioa, nafasi sita zimeshajaa.